Mke Jukwaani, Mkwe Nyumbani

Niliwaacha wiki jana nimejikunja kwenye migomba ya Mjomba Joel, mdomo nimeuziba kwa mikono miwili, nikimsikiliza ng'ombe akivuka mto kwenda Kisiba. Wengi mmenisimamisha mitaani kuniuliza kama ng'ombe alifika.

Alifika. Afadhali angekwama.

Kwa wale mnaoanza kunisoma leo, nawafupishia. Mimi ni Ezron wa Nsajigwa, mjukuu wa marehemu Ambindwile, na hili ni ungamo langu la saba. Babu alianzisha kikundi cha maigizo cha Amkeni mwaka arobaini na tisa, kwenye kambi za wachuma chai. Baba akakirithi. Mimi nami nitakirithi, Mungu akinisamehe haya ninayoyaandika, ingawa watu wa Tukuyu wanasema kipaji cha ukoo wetu kiliishia kwa Baba, kwangu ikafika pua tu. Mimi naigiza askari. Nina sentensi nne, na moja huwa naisahau.

Mchezo wetu mkubwa ni mmoja, unaitwa Bwana Mizani. Bwana huyo anapunja watu kwenye mizani na anamkataza mkewe kusema, mpaka siku mkewe anapochukua mwiko na kumcharaza mbele ya majirani. Halafu askari anafika, amechelewa. Wakati wa Babu, Bwana Mizani alikuwa karani wa Mzungu wa chai. Wakati wa ushirika, Baba akamfanya meneja wa ghala. Mwaka huu wa tisini na nne, soko limekuwa huria, basi ni mnunuzi binafsi wa kahawa, mwenye miwani ya jua na koti la mtumba.

Kazi inabadilika, kipigo ni kile kile. Anayepigwa ni Baba. Anayepiga ni Atupokile.

Na Atupokile, binti wa Kisiba anayekaa kwa dada yake hapa mjini kwetu Tukuyu, mtaa wa Bagamoyo, tangu Jumatatu ya wiki jana ni mchumba wangu, kwa sababu yule ng'ombe ameingia zizini kwa baba yake. Baba yangu hajui. Ng'ombe katoka kwa Mjomba, na aliyepanga mambo yote ni Mama.

Msomaji wa mbali atauliza tatizo liko wapi.

Tatizo ni kwamba sisi ni Wanyakyusa. Kwetu mke wa mtoto humtila baba mkwe, yaani humwogopa na kumkwepa. Hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni, jina lake halitaji. Wakikutana njiani, mkwe anaingia majanini, anainama, anajifunika. Baba mkwe naye anageuza uso na kupita mbali, maana hana ruhusa ya kumsogelea. Kanisa limelegeza mengi, lakini hili wazee wetu wamelibana kwapani. Tena halingoji harusi. Linaanza siku ng'ombe anapoingia zizini.

Sasa mfikirie mkwe huyo ana mwiko mkononi.

Yaliwahi kutokea. Mama yangu, Anyosisye, alikuwa ndiye mwenye mwiko wakati wa Babu. Waliomwona wanasema watu walikuwa wakitoka Kyimo kwa miguu kuja kumtazama. Mwaka sitini na tano Baba akamwoa, na siku hiyo hiyo akatolewa jukwaani, kwa kuwa Bwana Mizani wa wakati ule alikuwa Babu, baba mkwe wake. Wakamkalisha nyuma ya pazia, juu ya sanduku la mavazi, awanong'oneze maneno wanaosahau. Yupo hapo mpaka leo.

Babu alikufa mwaka sabini na tisa. Jumanne, ng'ombe akiwa ameshafika, nilimwuliza Mama kwa nini hakurudi jukwaani.

"Nani aliniita?" akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Atupokile alikuwepo siku hiyo. Tulipotoka nje akanishika mkono.

"Ezron, nakupenda. Ila siku nitakapokalishwa kwenye lile sanduku, narudi kwetu, na ng'ombe wenu mje mumchukue."

"Mama amesema kuna dawa."

"Dawa gani?"

Nikamweleza nilivyoelezwa. Baba mkwe akitaka, anampa mkwe wake ng'ombe mbele ya watu, anamfungulia. Kuanzia hapo wanaonana kama baba na binti. Babu aliombwa afanye hivyo kwa Mama, akajibu kwamba ng'ombe wake ni wa maziwa.

"Na baba yako?"

"Mama anasema tumalize kwanza Jumamosi ya Kyimo, halafu Jumamosi ya Tukuyu, sikukuu ya miaka arobaini na tano ya kikundi. Baba akishashangiliwa vya kutosha, ndipo tumwambie."

"Kwa hiyo wiki mbili nampiga mkwe wangu mwiko?"

"Wiki mbili tu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo ilikuwa bado mzaha.

Jumatano tukafanya mazoezi uani kwetu. Atupokile alikuwa ameniapia kwamba atacheza kama kawaida. Alisema yeye ni msanii, mila ataiacha mlangoni pamoja na viatu.

Baba akaingia na miwani yake ya jua, akatamka, "Mke wangu, chakula kiko wapi?"

Atupokile akageuka akautazama ukuta.

"Chakula," akauambia ukuta, "kiko kwenye mizani yako. Kipunje ule."

Nikamwona Mama akichungulia pembeni mwa pazia, macho yamemtoka.

Baba akasogea. Atupokile akasogea. Baba akaenda kushoto, yeye akaenda kulia, na kila Baba alipomkaribia alikuta mgongo. Ukafika wakati wa mwiko. Atupokile akainua mkono, na mkono ukabaki juu. Kwa bahati Baba alikuwa amevua koti na kulitundika kwenye kamba ya nguo. Atupokile akalirukia lile koti. Alilicharaza mpaka vumbi lake lote la Ulaya likatutia chafya.

"Simameni!" Baba akapaza sauti.

Nikajua tumekwisha.

Baba akavua miwani. Macho yalikuwa yamelowa.

"Mmemwona huyu binti? Miaka arobaini na tano tunampiga Bwana Mizani mwenyewe! Kumbe mke mwenye uchungu hata kumtazama mumewe hawezi. Anapiga koti! Koti ndicho cheo chake! Anyosisye, umeona?"

"Nimeona, baba Ezron," Mama alijibu nyuma ya pazia, kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.

"Hivyo ndivyo tutakavyocheza Kyimo. Na wewe Ezron, uwe unatazama pembeni."

"Mimi ni askari, Baba."

"Askari naye ana uchungu wake."

Nilimkuta Atupokile nyuma ya nyumba, amekaa juu ya kinu, hacheki.

"Miguu ndiyo imekataa," alisema. "Nilipomwona tu, sikumwona Bwana Mizani. Niliona mkwe. Nilisikia mpaka masikio yanawaka."

"Lakini Baba amefurahi."

"Amefurahia woga wangu. Anadhani ni usanii."

"Si umwache adhani hivyo?"

"Jumamosi mbili, Ezron. Siwezi kuishi jukwaani nimeupa ukuta uso."

Nikamwambia kwamba Kyimo mambo yatakuwa mazuri. Ndivyo ninavyosema kila ninapokosa jibu, na wanaonisoma tangu wiki ya kwanza wanajua mambo huwa yanakuwaje.

Jumamosi, saa tisa mchana, ghala la kahawa la Kyimo lilijaa. Tangu wanunuzi binafsi waanze kupita na magari yao mashambani, ghala hilo limebaki na harufu ya kahawa tu, na sisi ndio tunaolitumia. Kwa kawaida nusu ya watu hutuacha wakaenda kwa Jairo, kwenye kibanda cha video, kutazama Wachina wanaoruka. Siku hiyo jenereta ya Jairo ilikataa kuwaka, basi gulio zima likahamia kwetu.

"Leo wataona watu wanaopigana bila umeme," Baba akasema, anajifunga tai.

Mambo yalianza vizuri. Atupokile alicheza na ukuta, na watu wa Kyimo wakaelewa. Wanawake waliokaa mbele wakaanza kumsaidia. "Usimtazame huyo mwizi!" wakampigia kelele. "Mpe mgongo!"

Ikaja mvua.

Mvua yetu mnaijua, na bati la ghala mnalijua. Mtu akikusemesha sikioni humsikii. Amkeni tuna namna yetu tangu enzi za Babu: mvua ikipiga bati, Mama anagonga sanduku mara tatu, na mchezo unageuka wa vitendo, bila neno hata moja, mpaka mvua inyamaze. Watoto wa ukoo wetu hujifunza mchezo wa mvua kabla ya kujua kusoma.

Kwa vitendo kila kitu hukuzwa. Kidogo hakionekani. Na Baba, aliyekuwa na ghala limefurika mbele yake, akaona koti lililotundikwa halitoshi. Akalishusha kwenye msumari, akalivaa, akafunga vifungo vyote, akatanua mikono kumwelekea Atupokile. Nipige, ndilo alilokuwa akisema kwa mwili mzima. Njoo, nipige.

Atupokile akarudi nyuma. Baba akamfuata. Akarudi tena nyuma mpaka kisigino kikagusa ukingo wa mbao tulizopanga kuwa jukwaa. Watu walikuwa wamesimama, midomo wazi, na hakuna sauti iliyosikika isipokuwa mvua.

Atupokile akafanya alichofundishwa na mama yake. Akavuta khanga, akajifunika uso wote. Kisha akafanya alichofundishwa na Baba. Akaanza kupiga.

Alipiga hewa. Alipiga mizani, sahani zikaruka. Alipiga gunia, makapi yakamwagika. Pigo la nne likamkuta Baba juu ya utosi, kofia ikamshuka mpaka puani. Watu walikuwa wakilia kwa kicheko, namaanisha machozi kabisa, wanashikana mabega wasianguke. Sijawahi kuona ghala linashangilia hivyo bila kusikia hata sauti moja.

Mvua ya Rungwe haiagi. Ikakatika pale pale.

"Yesu wangu!" sauti ya mwanamke ikapaa peke yake kwenye ukimya. "Atupokile! Unampiga mkweo?"

Ilikuwa sauti ya Shangazi Imakulata, dada wa baba yake Atupokile, ambaye mimi nilijua yuko Kisiba. Kumbe alikuja gulioni na viazi vyake.

Watu wakacheka. Walidhani ni mmoja wetu.

"Msicheke!" Shangazi akapanda juu ya kikapu. "Ng'ombe ameingia zizini kwa kaka yangu Jumatatu ya wiki hii. Mimi mwenyewe nimemshika pembe!"

Hapo hawakucheka.

"Ng'ombe wa nani?" Baba akauliza. Alisahau kubadili sauti. Aliuliza kwa sauti ya Bwana Mizani.

Sasa naungama jambo la kijinga kuliko yote ya wiki hizi saba. Nilikuwa pembeni, nimevaa kofia ya askari, na kichwani hamkuwa na wazo hata moja isipokuwa kwamba lazima mtu afanye kitu. Nikaingia jukwaani.

"Nani anavuruga amani hapa?" nikasema. Ilikuwa sentensi yangu ya pili. Ya kwanza nilikuwa nimeisahau.

Shangazi Imakulata akaninyooshea kidole.

"Huyo! Bwana harusi ndiye huyo askari!"

Ghala zima likapiga yowe.

Baba akanitazama. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko anavyonitazama nikiharibu mchezo. Kisha akataka kumgeukia Atupokile, na katikati ya kugeuka akakumbuka. Akajivuta koti juu ya kichwa, akageuka kabisa. Baba yangu, aliyetufundisha kwa fimbo kwamba mwigizaji hawapi watu mgongo, akawapa watu wa Kyimo mgongo.

Atupokile akaangusha mwiko. Akainama mpaka chini, akapita hivyo hivyo ameinama, akapotelea nyuma ya pazia.

Nikabaki mimi na kofia yangu.

Niliona mwisho wa Amkeni. Sisemi kwa kutia chumvi. Mtu mmoja nyuma alishaanza kutafuta mwavuli wake. Halafu nikasikia sanduku likilia, kama linavyolia mtu akiinuka juu yake.

Mama akatoka.

Alikuwa na futi ya fundi shingoni na miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakumtazama mtu. Akaokota mwiko, akaupangusa kwa khanga, akamwendea Baba.

"Bwana Mizani," akasema, "chakula chako kimepoa miaka ishirini na tisa."

Maneno hayo hayamo kwenye mchezo.

Baba akageuka polepole, koti bado liko kichwani. "Anyosisye," akasema kwa sauti ndogo, "rudi nyuma."

"Nyuma nimeshakaa."

Akampiga. Alimpiga kama mchezo unavyotaka, na akapitiliza kidogo. Kila pigo lilikuwa na neno lake, na kila neno lilifika mpaka kwenye ukuta wa mwisho bila yeye kupaza sauti. Alikuwa anayajua maneno yote ya wote, hata ya Baba, na Baba alipochelewa kujibu alimpa jibu lake kwa mdomo wa pembeni na kuendelea. Wazee wawili mbele walisimama. Mmoja akasema kwa Kinyakyusa kwamba huyu ndiye, huyu ndiye yule. Baba akaanguka chini inavyotakiwa, mguu wa kulia kwanza, na ghala likalipuka.

Mimi nililia. Sioni haya kuandika hivyo. Kipaji cha ukoo wetu kilikuwa kimekaa juu ya sanduku siku zote hizo, nami nilikuwa nikikipita kila Jumamosi kwenda kuchukua kofia yangu.

Ikafika zamu yangu ya kumaliza mchezo, na sentensi ya nne ikanitoroka. Nikasimama nikimkodolea Mama macho.

"Bwana Mizani, pima sasa maumivu yako," sauti ikaninong'oneza kutoka nyuma ya pazia.

Nikaisema. Watu wakashangilia. Ndipo nilipotambua kwamba Mama, mnong'onezaji wetu, alikuwa amesimama mbele yangu.

Nikachungulia. Atupokile alikuwa amekaa juu ya sanduku, khanga kichwani, daftari la Mama magotini. Mama alikuwa ametoka, na mchumba wangu alikuwa ameingia. Hakuniangalia. Roho iliniuma mpaka nikasahau kuinamia watu.

Baba akasogea ukingoni mwa jukwaa, jasho linamtiririka.

"Jumamosi ijayo, ukumbi wa Tukuyu mjini," akatangaza, "Amkeni inatimiza miaka arobaini na tano. Nyote mnakaribishwa. Na mwiko atashika yule yule binti mliyemwona leo."

Watu wakanung'unika. Mzee mmoja akauliza, "Nsajigwa, yaani mkweo?"

"Nimesema mwenye mwiko," Baba akajibu. "Sikusema mkwe."

Njia nzima hadi Tukuyu Baba alikaa mbele kwenye gari na dereva. Atupokile alikaa nyuma chini ya turubai, ingawa mvua ilikuwa imekwisha.

Jumapili wote tulikuwa kanisani, Atupokile mwishoni kabisa karibu na mlango. Baada ya ibada ukaanza mnada wa mazao ya sadaka. Baba hupenda sana mnada, kwa sababu hupewa aunadi yeye, na jogoo wa kawaida akinadiwa na Baba hugombewa na wazee wa kanisa. Jumapili nyingine angeweza kunadi hata yai moja kwa nusu saa. Jumapili hiyo wakamwita, hayupo.

Mama akainuka. Nikamfuata hadi nyumbani. Hakuingia ndani, alikwenda moja kwa moja zizini.

Ng'ombe wetu watatu wote walikuwepo, wanacheua.

"Afadhali," nikasema.

"Afadhali nini? Tazama pale."

Kwenye kigingi ilipokuwa ikining'inia kamba hapakuwa na kitu.

"Angekuwa anakwenda kumfungulia binti, angeondoka na ng'ombe," Mama akasema. "Amekwenda Kisiba na kamba tupu. Anakwenda kumrudisha yule wa Mjomba wako. Ng'ombe akirudi, Atupokile si mkwe tena. Jumamosi anashika mwiko, na baba yako anapata sikukuu yake."

"Na mimi?"

"Wewe unabaki askari."

"Amenichagulia mchezo badala ya mke!"

"Babu yako alichagua mkwe, akapoteza msanii," Mama akasema. "Huyu anachagua msanii, anapoteza mkwe. Kwao haijawahi kuingia akilini kwamba mtu anaweza kuwa vyote viwili."

"Ameondoka saa ngapi?" sauti ikauliza nyuma yetu.

Atupokile alikuwa amesimama langoni na gauni lake la kanisani, viatu mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Mnada ulipoanza," Mama akamwambia. "Kama nusu saa."

"Atapita barabarani?"

"Lazima. Miaka yote hii ya kuanguka chini ya mwiko imemwacha bila goti. Njia ya bondeni haiwezi."

"Basi mimi napita bondeni."

"Kufanya nini?" nikauliza. "Huruhusiwi hata kukutana naye njiani!"

"Simfuati njiani. Nakwenda kusimama kwetu, mlangoni pa zizi." Alikuwa ameshajifunga khanga kiunoni. "Mimi ni mkwe, sivyo? Baba mkwe hana ruhusa ya kunisogelea. Nikisimama kwenye ule mlango, hapiti. Akitaka kumtoa ng'ombe, itabidi aseme mbele ya ukoo wangu wote mimi ni nani kwake. Aseme kwa mdomo wake. Akisema si mkwe, nami mwiko wake sishiki, sikukuu aicheze na koti."

Mama akaingia jikoni, akatoka na mwiko.

"Mikono mitupu haipendezi jukwaani," akasema, akampa. Akavua viatu vyake vya kanisani, akavipanga vizuri kizingitini. "Twende. Ukisahau maneno, nani atakunong'oneza?"

"Na mimi nifanye nini?" nikauliza.

"Wewe ni askari," Atupokile akasema bila kugeuka. "Njoo umechelewa, kama kawaida yako."

Nilidhani ananitania. Lakini wanawake wale walishuka bonde kama waliozaliwa humo. Nilianguka mara mbili kwenye tope, nikapoteza kiatu kimoja kwenye mto, na nilipotokea juu ya kilima, ziwa likiwa chini upande mmoja na nyumba za kina Atupokile upande wa pili, kila mtu alikuwa ameshafika mahali pake.

Ukoo mzima ulikuwa umetoka nje, Shangazi Imakulata mbele yao, mkono kinywani. Atupokile alikuwa katikati ya mlango wa zizi, khanga imefunika uso, mwiko umeinuliwa. Nyuma yake alisimama yule ng'ombe wa Mjomba, anacheua.

Baba alikuwa amesimama hatua kumi mbele yake, kamba begani, uso ameuelekeza kwenye mgomba. Akavua kofia. Akafungua mdomo.

Midomo haikusogea. Baba yangu, ambaye maisha yangu yote sijawahi kumwona akisahau neno, alisimama pale mbele ya watu, mdomo wazi, na neno hana.

Nikaanza kukimbia kuteremka kilima na kiatu changu kimoja. Nilikuwa mbali mno kusikia chochote. Niliona tu, nyuma ya ukuta wa zizi, kichwa cha Mama kikichomoza, na midomo yake ikimnong'oneza Baba.